Hodi bila mgeni: rilei ya stata ya Mama Mdogo

Mara ya kwanza ilinikuta Ipole, mkoani Tabora, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Mpanda na nyingine Rungwa. Ndoo 22 za asali zimeshapangwa nyuma, turubai limekazwa, na mzee mmoja wa kundi la warina asali ameshaniombea safari njema na kunipa kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ya kutafuna njiani. Nikapanda, nikazungusha ufunguo. Tik. Nikaurudisha, nikazungusha tena. Tik. Taa zinawaka, honi inalia mpaka kuku wanatawanyika, lakini injini kimya kama mtu aliyenuna.

Vijana wa bodaboda hawakungoja kuitwa. "Mkuu, tukusukume?" Watano wakajipanga nyuma, viganja kwenye mlango wa bodi, mimi gia ya pili na klachi chini. Tulipopata kimteremko nikaachia klachi, injini ikakohoa, ikakubali. Nikawarushia hela ya soda nikaondoka kwa furaha, sijui kwamba nimeanza kuwalipa mshahara.

Gari lenyewe ni Landrover 109 Series Three, ya petroli. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na toleo hilo lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Marehemu baba alikuwa bwana nyuki, akainunua kwenye mnada ikiwa imeshachoka, akaifufua. Kila senti ya pembeni iliishia humo, na kila Jumamosi alilala chali chini yake. Mama akaanza kuiita mke mwenzangu. Basi sisi watoto tukafuata utaratibu wa ukoo: mke mwenza wa mama ni mama mdogo. Jina hilo likabaki. Baba alipofariki, kaka zangu walichukua mashamba, mimi kitindamimba nikarithi Mama Mdogo, na biashara ya asali ikaja baadaye kwa sababu lazima gari lile lijilipie petroli.

Niliporudi Tabora siku ile, kila niliyemsimulia alikuwa daktari wa betri. Jirani: betri hiyo. Muuza spea: betri hiyo. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki: betri hiyo. Nikanunua betri. Siku tatu Mama Mdogo akawa anaamka kwa mguso mmoja, nikawashukuru madaktari. Siku ya nne asubuhi, tik.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa Isevya, hapo hapo Tabora. Akasema stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake. Akaishusha, akaifungua, akanionyesha kaboni zilivyolika, akaweka mpya, akasafisha amecha, ile sehemu inayozunguka ndani, kwa msasa. Kisha akaiweka chini, akaikandamiza kwa soli ya kiatu, akachukua nyaya mbili kutoka kwenye betri na kuigusisha. Ikaruka kama jogoo aliyekamatwa mguu. "Unaona? Nzima kabisa." Nilikubali, na ni kweli ilikuwa nzima. Jambo ambalo sikulitafakari ni kwamba pale chini alikuwa ameipelekea moto moja kwa moja, bila kupitia kitu kingine chochote. Wiki moja baadaye nikawa Ipole tena, vijana wakanipokea kwa jina.

Siku hizo niligundua ujanja wangu mwenyewe. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva kuna kikopo kidogo, kama kopo dogo la nyanya, kimefungwa kwa skrubu mbili. Waya mnene unaingia upande mmoja kutoka kwenye betri, mwingine mnene unatoka kwenda kwenye stata, na waya mmoja mwembamba unatoka kwenye swichi ya ufunguo. Hiyo ndiyo rilei ya stata. Mafundi wengine huiita solenoidi. Nilikuwa nikimwambia mtoto azungushe ufunguo, mimi nakigonga kikopo kwa spana, na mara nyingi stata ilikubali. Nikajiona fundi. Kila alfajiri pale nyumbani, kwa zaidi ya mwezi, kazi ilikuwa ngo, ngo, ngo, mpaka Mama Mdogo aamke.

Kulikuwa na hendeli pia, chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, naomba nisiisahau. Stata ya umeme ilianza kuuzwa ndani ya magari ya Cadillac ya mwaka 1912, kazi ya Mmarekani Charles Kettering, na huo ndio mwaka reli ya Wajerumani ilipofika Tabora. Kabla ya hapo dereva alikuwa mpiga hendeli. Landrover hizi za zamani bado zina tundu lake kwenye bampa ya mbele. Baba alinifundisha nikiwa kidato cha pili: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke chuma kama unavyoshika jembe, na uvute kwenda juu, usikandamize kwenda chini. Injini ikirudisha teke, hendeli itachomoka kwenye vidole. Ukiwa umeikumbatia, itaondoka na gumba lako. Nilipiga hendeli mara mbili wakati wa mkasa huu. Mara ya pili bega likanikumbusha kwamba sina tena umri wa kidato cha pili, na hendeli ikabaki nyumbani.

Spana nayo ikanilipa. Ulikuwa msimu wa mvua, nilikuwa nimeegesha chini ya miembe karibu na stesheni, na usiku wake nilisahau taa zikiwaka. Betri ilikuwa imelegea. Nikazungusha ufunguo, rilei haikusema tik moja, ilisema trrrrr kama panzi ndani ya kiberiti. Nikashuka nikaigonga kwa hasira. Stata ikakamata, injini ikawaka, nikarudisha ufunguo. Stata haikuacha. Nikachomoa ufunguo kabisa, injini ikazimika, nikabaki nao mkononi nikiutazama, na huku mbele sauti inapanda kama king'ora. Stata ya gari hili ni ile ya bendeksi ya kurusha: injini ikiwaka, gia ndogo inatupwa nje ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa hiyo mota inabaki inazunguka yenyewe bila mzigo, na bila mzigo inakwenda kasi ambayo haikuundwa kwenda. Harufu ya rangi iliyoungua ikaanza. Nikakimbilia boneti, spana namba 13, nikafungua kichwa cha hasi cha betri huku mikono inatetemeka. Nilipokichomoa ikaruka cheche. Stata ikashuka taratibu mpaka ikanyamaza. Abiria waliokuwa wanasubiri treni walinitazama kama mtu aliyetaka kulipua mji.

Jioni ile nikamfuata mzee mmoja wa Kanyenye, jirani wa mama, fundi umeme aliyestaafu reli. Kwa kweli nilipaswa kumfuata tangu mwanzo, lakini tunawajua wazee: ukienda kuuliza swali unarudi na jembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nakusikia kila alfajiri unagonga chuma. Nikamwambia mama yako, kijana amefungua kiwanda."

Nikamweleza yote, betri, kaboni, spana, king'ora. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Ulijuaje kwamba rilei ni nzima?"

"Inalia, baba. Ukizungusha ufunguo inasema tik."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Umesikia hodi. Mgeni umemwona?"

Kesho yake alikuja na mita ya sindano ya enzi zake na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Hakugusa spana. Aliniagiza niwashe taa kubwa, nielekeze gari ukutani, kisha nizungushe ufunguo. Tik, na taa zikabaki vilevile, ukuta mweupe. "Taa zingefifia sana, ningesema betri imechoka, au vichwa vyake vichafu, au stata imekwama inavuta moto isizunguke," akasema. "Zimebaki na nguvu. Maana yake moto mkubwa haujaondoka. Kuna mlango umefungwa njiani." Zoezi la nusu dakika, halina gharama, na mimi nilikuwa nimeshanunua betri nzima.

Akanieleza kikopo kile. Stata inakula moto mwingi, ampea mia na zaidi, na huwezi kuupitisha kwenye swichi ya ufunguo, ingeyeyuka. Kwa hiyo ufunguo unapeleka moto mdogo tu kwenye koili, waya uliozungushwa mara nyingi, iliyo ndani ya rilei. Koili inageuka sumaku, inavuta mchi wa chuma, na mchi umebeba kisahani cha shaba kinachokwenda kuziba nafasi kati ya vichwa vya boliti mbili nene. Moto mkubwa unapita hapo. Ile tik ni mchi unapogonga mwisho wa safari. Haisemi lolote kuhusu shaba imegusana na shaba au imegusana na masizi. Nilikuwa nimesikiliza kazi ya koili, nikaipa sifa kazi ya kisahani.

Akaweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye boliti nene ya kwanza, nyingine kwenye ya pili. Ufunguo haujaguswa, mita ikasoma 12.5, na hiyo ni sawa, kwa sababu upande mmoja umeshika betri na wa pili unapitia stata hadi kwenye bodi. "Sasa zungusha. Rilei nzima itaiangusha mita mpaka karibu na sifuri. Ikibaki chini ya nusu volti mimi sisemi kitu." Nikazungusha. Tik. Sindano ikatikisika kidogo tu, ikasimama kwenye 12 na ushee. Nikarudia mara nne. Mara ya tano stata ikazunguka, kivivu, na mita ikasoma karibu 4 huku inazunguka.

Hiyo 4 ndiyo iliyoniingia akilini kuliko kitu kingine chochote. Mzee akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi: volti 4 mara ampea 100, wati 400. "Pasi ndogo ya umeme hiyo, umeifungia ndani ya kopo." Ndiyo sababu kikopo kilikuwa kinachemka na mimi nikidhani ni joto la injini. Na volti hizo zilizoishia pale ndizo zilizokuwa zinakosekana kwenye stata, ikawa inazunguka kama imefunga mfungo.

Mwisho akataka tuwe na uhakika na stata yenyewe. Gia fri, handbreki juu, mawe mbele ya magurudumu. Wengi hapa hulaza bisibisi juu ya boliti mbili za rilei, cheche zinaruka, bisibisi inaungua ncha. Mzee alikataa kabisa. Akachukua waya mnene wa kubustia, akaufunga kwanza kwenye boliti ya stata, kisha akagusisha upande wa pili kwenye ile ya betri. Mama Mdogo akazunguka kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba yuko hai. Kwa hiyo betri haina kosa, kaboni hazina kosa, nyaya nene hazina kosa. Sikutaka kuhesabu fedha mbele ya mzee.

Tuliifungua ile rilei usiku, nje, chini ya taa ya kibaraza. Haikuundwa ifunguliwe, mdomo wake umekunjwa kwa mashine, ikabidi kuukunjua kidogo kidogo kwa plaizi na bisibisi bapa. Ndani, mchanga mweusi. Kisahani cha shaba kilikuwa na mashimo kama mwezi, na vichwa vya boliti vimeliwa upande mmoja tu, upande kisahani kinapotua, mpaka vimekuwa na mteremko. Sehemu moja ilikuwa na kovu linalong'aa, shaba iliyoyeyuka na kushikana, kisha ikaachana. Mzee akaligusa kwa ukucha. "Hapa ndipo king'ora chako." Betri ikiwa dhaifu, sumaku ya koili haina nguvu ya kukishika kisahani, kinagusa, kinaachia, kinagusa, ndiyo ile trrrrr, na kila kikiachia kinapiga cheche ya kuchomelea. Nilipogonga kwa spana nilikikandamiza kikiwa bado moto. Nilikichomelea mwenyewe.

Na ile siri ya kukubali leo na kugoma kesho ilikuwa mle mle. Kisahani kimeshikwa kwa springi na kinaweza kujizungusha. Kikigeuka kidogo kinatua kwenye sehemu ambayo haijaungua, siku mbili tatu unafurahi. Siku tatu za betri mpya hazikuwa za betri.

Tulikipindua kisahani, upande wa chini ambao haujaliwa ukawa juu, tukageuza boliti nusu mzunguko ili upande mzima uwe ndio wa kugusana, tukasugua kwa msasa laini, tukafunga. Mzee akasema hiyo ni dawa ya kukufikisha hospitali, agiza mpya. Nikaagiza kutoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi.

Hapa sasa nieleze upumbavu wangu, maana hadi hapo nimekuwa nikiwasema madaktari wa betri. Nilipoitoa rilei ya zamani nikaona ukuta una kutu. Mimi ni mtu wa usafi. Nikaukwangua, nikaupaka rangi ya redi oksaidi, mara mbili, nikaacha ukauke, nikafunga rilei mpya kwa skrubu mpya. Nikazungusha ufunguo. Hakuna kitu. Hata tik haikuwepo! Nikampigia muuza duka simu, nikamwita jina ambalo sitaliandika. Akaniapia kwamba aliipima kabla ya kuifungasha. Nikamwambia aape vizuri.

Mzee alikuja na balbu yake. Akaigusisha kwenye ule waya mwembamba, mimi nikazungusha ufunguo, balbu ikawaka. Moto wa swichi unafika. Akachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine akaigusisha kwenye mwili wa rilei, kwenye bati lenyewe. "Zungusha." Tak! Stata ikavuruma.

Hakusema neno. Akakwangua rangi yangu kwa kucha ya kidole na kunionyesha. Rilei ya aina hii ina waya mmoja tu mwembamba. Koili inamalizia mzunguko wake kupitia mwili wa kikopo, skrubu, na ukuta wa gari. Tabaka mbili za redi oksaidi zilikuwa zimeinyima ethi, yaani njia ya moto kurudi kwenye betri kupitia bodi. Ziko rilei nyingine zenye vichwa viwili vidogo, kimoja cha moto na kimoja cha ethi, na hizo hazijali rangi, lakini hii siyo. Nikasugua duara la chuma kitupu chini ya kila skrubu, nikapaka grisi nyembamba kuzuia kutu, nikafunga. Mita kwenye boliti nene: 12.6 kabla, na wakati stata inazunguka sindano ililala kwenye sifuri, ukikodoa macho utaona 0.2.

Nilimpigia muuza duka kuomba radhi. Alinisamehe haraka mno, nadhani amezoea.

Ile ya zamani, iliyopinduliwa kisahani, sikuitupa. Imo ndani ya soksi chini ya kiti cha abiria, pamoja na kipande cha waya, balbu ya mzee, ambayo aliniazima na hajaidai, na spana namba 13. Jembe nalo nililipata: nililima bustani yake ya mchicha Jumamosi mbili.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ipole kuchukua ndoo 30. Tukapakia, tukafunga turubai, mzee wa asali akaleta matobolwa. Nilipopanda nikaona kwenye kioo vijana wameshajipanga nyuma, watano walewale, viganja kwenye mlango wa bodi, mmoja amevua hata ndala ili apate kukaza mguu. Nikazungusha ufunguo. Mama Mdogo akaamka mara moja, nikatia gia ya kwanza, tukaondoka, na yule aliyevua ndala, ambaye alikuwa ameegemeza uzito wake wote, akabaki na hewa mikononi. Nilisimama mita chache mbele, nikatoa hela ya soda dirishani. Alikuja kuichukua huku anajipangusa vumbi magotini.

"Mkuu," akasema, "ungetuambia basi."